Zamu Aliyoichukua Bi Sakina

Kwanza kabisa, acheni kumung'unya peremende mbele ya maikrofoni. Niliwasikia juzi nilipoalikwa kuwatazama mkifanya mazoezi, nikanyamaza kwa kumheshimu mwalimu wenu, lakini leo mimi ndiye niliyepewa nafasi ya kusema. Mtu aliyevaa hedifoni hana pa kukimbilia. Mate yakigonga ulimi wako, yeye anayasikia kama yamo kinywani mwake. Kunyweni maji ya vuguvugu. Msile karanga. Na kikao kikikaribia nendeni msalani hata kama hamna haja, kwa sababu haja ya mkalimani huja mzungumzaji anapofika kwenye tarakimu.

Chekeni tu. Mimi nimekaa kwenye vibanda vya ukalimani vya Kampala hii tangu nikiwa na nywele mpaka nikastaafu na kipara. Nimefasiri pamba, mifugo, reli, mbolea, na mikataba ya amani ambayo sitaki hata kuitaja. Mwalimu wenu ameniomba niwasimulie mkutano uliokuwa mgumu kuliko yote. Nadhani anangoja niseme ule wa madaktari wa macho, kwa ajili ya majina yao ya Kilatini. Siyo huo. Ulikuwa mkutano wa wataalamu wa nyota, uliofanyika hapa hapa mjini enzi za utawala wa wanajeshi, na mada yake ilikuwa mashimo meusi makubwa mno yaliyo katikati ya galaksi. Mnakunja nyuso. Sisi pia tulikunja.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Bi Sakina. Alizaliwa Mombasa, akaolewa na fundi wa reli, wakahamia Kampala, mume akafariki, naye akabaki Makindye na binti yake Maimuna aliyekuwa fundi cherehani. Alikuwa mwembamba, mrefu, na hakuvumilia Kiswahili kibovu. Mimi nilizaliwa kwenye kota za polisi, baba yangu koplo kutoka upande wa Arua, kwa hiyo Kiswahili changu kilikuwa kile cha gwaride na foleni ya unga. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mama, kiti yako iko hapa." Alisimama. Alikataa kukaa mpaka kiti kipate haki yake. Nilirudia sentensi ile mpaka jasho likanitoka, na wajumbe wa pamba walikuwa wameshaanza kuingia ukumbini.

Jambo alilolishika kuliko yote lilikuwa zamu. Kibanda ni cha watu wawili. Mmoja anasema, mwenzake anapumzisha koo lakini masikio hayapumziki: anamwandikia mwenzake tarakimu, anamsogezea maji, anamkumbusha neno. Baada ya nusu saa mnabadilishana, kwa swichi moja ndogo iliyo katikati ya meza. Zamu ya mtu hainyang'anywi. Nyinyi leo mna vitufe vyenye taa za rangi, na nasikia wengine mnafanya kazi mkiwa chumbani nyumbani, mmoja Ntinda mwingine Nairobi. Mtajuaje kwamba mwenzenu amechoka kama hamsikii pumzi yake? Haya, siku hizi ndivyo ilivyo. Siku moja nilishikwa na malaria katikati ya mkutano wa mifugo. Meno yaligongana. Nilimtazama Bi Sakina kwa macho ya kuomba. Akavua kanga yake ya juu, akanifunika mabegani, akanisogezea maikrofoni.

"Zamu yako hiyo, mwanangu," alisema. "Ukifa, nitaendelea."

Sheria ya pili mnaijua: mkalimani husema "mimi". Mzungumzaji akisema "mimi nimefurahi", nawe unasema "mimi nimefurahi", hata kama umefiwa. Husemi "bwana huyu anasema kwamba amefurahi". Unakuwa yeye. Kuna mkutano mmoja mzungumzaji aliendelea mpaka saa saba na ushei, nami nikasahau kufunga maikrofoni nilipokuwa nikimnong'oneza Bi Sakina. Nilisema, "Mimi nina njaa, huyu mzee hamalizi?" Maafisa waliokuwa wakisikiliza Kiswahili walisimama wote kwa pamoja, wakaenda kula. Waliamini mzungumzaji mwenyewe ameomba. Yule mzee alibaki jukwaani akiwatazama wakitoka, na Bi Sakina akauma ncha ya mtandio wake asicheke. Nyumbani kwake tulicheka mpaka Maimuna akaja kuuliza kuna nini.

Sasa, mtauliza kwa nini mkutano wa nyota ulihitaji Kiswahili. Wageni wote walijua Kiingereza au Kifaransa. Lakini serikali ilikuwa imetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na wakubwa wa jeshi walitaka kila mkutano wa kimataifa usikike kwa Kiswahili hata kama wasikilizaji ni wao peke yao, safu ya mbele, na hedifoni juu ya kofia. Nyinyi hamkuwapo. Siku zile Kiswahili mjini hapa kilikuwa lugha ya kusimamishwa barabarani. Watu wakisikia "simama, toka kwa gari" waliinua mikono kabla hawajageuka. Bi Sakina aliumia sana kwa hilo. Akipanda basi na kumwambia kondakta "asante baba", watu waligeuka kumtazama kwa hofu. "Lugha ya mama yangu wameifanya fimbo," aliniambia, na alikuwa analia kwa hasira.

Tulipopewa kazi ile ya nyota, yeye hakwenda kwenye kamusi. Alisema kwanza tukijue kitu chenyewe, jina litakuja. Basi tukapanda Makerere kumtafuta Daktari Okidi, mhadhiri wa fizikia, Mganda pekee ambaye angesoma utafiti wake kwenye mkutano ule. Nasema Mganda kwa maana ya raia wa nchi hii. Kwao kulikuwa kaskazini, upande ambao watu wake walikuwa wakiwindwa tangu wanajeshi waingie. Alikuwa kijana mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alifurahi mno kwamba kuna watu wanataka kuisema kazi yake kwa Kiswahili. Alifungua maji kwenye sinki la maabara, akatupa majani ya chai, akatuambia tusiangalie tundu.

"Angalieni majani," alisema. "Yakienda mbio sana, jueni chini tundu iko kubwa. Mimi nyota nazisoma hivyo. Zile za katikati zinakimbia kupita kiasi."

"Na tundu lenyewe ni nani aliyeliona?" Bi Sakina aliuliza.

"Hakuna mtu, mama. Hata mwanga ikiingia haitoki."

Bi Sakina alimsahihisha, mwanga ukiingia hautoki, kisha akamuuliza maswali mpaka mchana ukatuishia. Ndipo tukakubaliana: shimo jeusi kuu, mvutano, ukingo usio na kurudi. Hilo la mwisho nilifikiri litatutia matatani mbele ya wanajeshi, nikamwambia. Alijibu kwamba mtu anayeogopa maneno ya sayansi aende akauze nyanya. Tulipotoka, Daktari Okidi alitusindikiza mpaka njiani akitusimulia jinsi wazee wa fani yake kutoka Ulaya na Amerika wangemsikiliza kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshonesha suti.

Usiku wa kuamkia mkutano walimchukua nyumbani kwake. Mnajua walivyokuja, au wazee wenu wamewasimulia: vijana wa usalama wenye mashati ya maua na suruali pana miguuni, gari lisilo na haraka, na buti lake la kumtia mtu. Kosa lake lilikuwa jina lake. Hakuna lingine lililowahi kujulikana.

Sisi hatukujua. Asubuhi ukumbi ulijaa, bendera zikapangwa, bendi ikapiga. Safu ya mbele alikaa kanali mmoja mwenye sauti ya upole aliyekuwa akitikisa mguu daima, na maafisa wake. Kiingereza hakikumfika vizuri, alitusikiliza sisi. Kwenye maswali alishika maikrofoni ya ukumbi na kuuliza, "Hiyo shimo iko mbali namna gani? Inaweza fika Kampala?" Mwenyekiti wa mkutano, profesa mmoja Mholanzi mwenye nyusi nyeupe, alimjibu kwa adabu kwamba hata mwanga wenyewe unasafiri maelfu ya miaka kutoka huko. Kanali akasema, "Basi haina haraka." Ukumbi mzima ukacheka. Sisi wenyeji tulicheka muda mrefu kuliko wageni, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza.

Nilijifunza jambo pale. Bi Sakina alipokuwa akisema, Kiswahili chake kilitiririka, nami nilimwona kanali akivua hedifoni na kuitazama kama imeharibika. Zamu yangu ilipofika na Kiswahili changu cha kota, mguu ulitulia. Alielewa. Nilimwambia Bi Sakina wakati wa chai. Alikasirika, akasema hawezi kuivua nguo lugha yake kwa ajili ya kanali. Nami nawaambia nyinyi: semeni na aliyevaa hedifoni, siyo na mwalimu wenu. Yeye hakukubali, siku ile.

Chai ile nayo ilikuwa na mambo yake. Sukari ilikuwa imeadimika mjini, watu wanaipanga foleni kama dawa, na pale mezani kulikuwa na vibakuli vya sukari ya vipande kwa ajili ya wageni. Maprofesa wetu, watu wenye digrii za Ulaya, walikuwa wakiweka kipande kimoja kwenye kikombe na viwili kwenye leso. Bi Sakina alifanya hivyo pia, kwa ajili ya Maimuna. Hakuona aibu, na hakuna aliyemwonea.

Hapo ndipo mke wa Daktari Okidi alipotokea. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sijui walinzi walimpitishaje. Labda kwa sababu alikuwa amevaa gomesi yake ya sherehe na kutembea kama mtu aliyealikwa. Alikwenda moja kwa moja kwa yule Mholanzi, akasimama mbele yake, akasema kwa Kiingereza, bila kupunguza sauti, kwamba mume wake ametolewa nyumbani na watu wenye bunduki, kwamba amezunguka kila kituo na kila mlango anaambiwa hawamjui, na kwamba profesa akipanda ndege bila kuuliza, mume wake atakufa. Alisema hivyo hivyo: "If you don't ask, he is dead." Wenyeji wote waliokuwa karibu wakaanza kuchunguza vikombe vyao. Mimi nilichunguza changu. Bi Sakina peke yake alimtazama, kisha akamwendea, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti cha wageni.

Siku ambayo Daktari Okidi alikuwa asome, ilitangazwa kwamba ni mgonjwa. Nilifasiri mimi. "Daktari Okidi ni mgonjwa." Bi Sakina hakuniandikia kitu, alikuwa akitazama mlango tu.

Kabla ya kikao cha kufunga, bwana wa itifaki alibisha kibandani kwetu. Alikuwa kijana wa Kiganda, suti nzuri, akitazama nyuma yake kila mara.

"Banange, nawaomba," alisema. "Mama, na wewe ssebo. Huyu muzungu pengine atasema kitu mubaya pale mbele. Akisema, nyinyi semeni mashini imehalibika. Zimeni tu. Mimi niko na watoto."

"Nimekusikia, baba," Bi Sakina alimjibu. Alipotoka, nilimuuliza tutafanya nini. Yeye alikuwa akifunga vipande vyake vya sukari kwenye leso, fundo juu ya fundo.

Zamu ilikuwa yangu. Nataka mlielewe hilo vizuri. Yeye alikuwa amemaliza yake, ameshavua hedifoni sikio moja, nami nilikuwa nimekaa mbele ya maikrofoni. Mholanzi alisimama kufunga mkutano. Alishukuru serikali, nikashukuru. Alisifu hali ya hewa, nikasifu. Kisha akakunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Enyi vijana, mzungumzaji akitia karatasi mfukoni, kazeni mkanda.

Akasema, "Katika ratiba yetu kulikuwa na utafiti mmoja ambao hatukuusikia." Nikafasiri. Akasema, "Tuliambiwa mwandishi wake ni mgonjwa." Nikafasiri. Akasema, "Si mgonjwa."

Nikanyamaza. Sikuamua kunyamaza, kinywa kilikauka tu, ulimi ukagoma. Mholanzi aliendelea kusema jukwaani kwa Kiingereza, na ndani ya hedifoni za safu ya mbele kukawa kimya. Kanali akageuka. Alitazama nyuma, moja kwa moja kwenye kioo cha kibanda chetu, akagonga hedifoni yake kwa kidole mara mbili tatu.

Nikasikia swichi ikilia. Bi Sakina alikuwa ameivutia upande wake. Hakuniangalia. Akaivaa hedifoni vizuri, akasogea kwenye maikrofoni yake, na mwanamke yule ambaye hajapata kuniacha nikosee hata kiti, akasema kwa Kiswahili cha kambini, polepole, kila neno peke yake:

"Mimi nasema hivi. Daktari Okidi hana ugonjwa. Watu ya bunduki walimutoa kwa nyumba yake. Bibi yake iko hapa, mimi nimeongea na yeye. Mimi nauliza wakubwa nyinyi hapa mbele: mtu yetu iko wapi? Leo mimi siendi kula chakula kwa ikulu mpaka nipate jibu. Na kama mtu hii haonekani, mimi nitasema jina lake kwa kila inchi nafika. Mimi nimemaliza."

Kanali alielewa kila neno. Niliuona mguu wake ukitulia. Alivua hedifoni taratibu, akaiweka juu ya goti, akamwita afisa aliyekuwa pembeni na kumnong'oneza kitu. Afisa akatoka akitembea haraka. Wageni, mmoja baada ya mwingine, walisimama wakampigia makofi Mholanzi.

Waliwapakia kwenye basi lao kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe jioni ile ile, kwa heshima, na zawadi za vikapu. Mgeni hakuguswa hata mmoja.

Sisi walitufuata kibandani. Vijana wawili.

"Nani amesema?" aliuliza mmoja.

"Amesema profesa," Bi Sakina alimjibu. "Sisi ni wakalimani."

"Hapana. Sisi tumesikia sauti ya mama. Mama amesema 'mimi nauliza'. Mama nauliza sisi kama nani?"

Nikaingilia. Nilimwambia ilikuwa zamu yangu, mimi ndiye niliyekuwa nikifasiri, huyu mama alinisaidia tu. Akacheka, akamuuliza mwenzake zamu ni nini. Yule wa pili akaniuliza jina langu na la baba yangu. Nilipotaja, akanisemesha Kilugbara, lugha ya kwa baba yangu. Aliuliza baba yangu alikuwa wa ukoo gani, nikamjibu, akaniweka kando kwa kiganja cha mkono, kwa upole kabisa, kama mtu anayefungua pazia.

"Ndugu, toka. Hii si yako."

Bi Sakina aliokota kanga yake. Alinipa ile leso yenye mafundo. "Mpelekee Maimuna," alisema. "Mwambie asiweke yote kwenye chai ya leo." Kisha akatoka mbele yao, na yule kijana aliyeuliza zamu ni nini akamshikia mlango.

Niliipeleka leso Makindye. Sitawaeleza nilivyomwambia binti yule. Alikuwa na futi ya kupimia nguo shingoni, akaishika ncha zote mbili muda wote niliokuwa nikisema. Tulimtafuta Bi Sakina kila mahali ambapo mtu angeweza kuthubutu kuuliza, na baadhi ya mahali ambapo haifai kuthubutu. Hakurudi. Hakuna kaburi.

Daktari Okidi alitupwa kando ya barabara ya Bombo, pale Bwaise, siku chache baada ya wageni kuondoka. Mbavu zilivunjwa, sikio moja halisikii mpaka kesho, lakini hai. Muuza makaa alimfunika kwa magunia mpaka mkewe akaja. Wakavuka mpaka wa Busia, wakaenda mbali, wakaishia Zambia.

Nimebishana na Bi Sakina miaka yote hii. Namwambia: mama, ningesema mimi, wangeuliza jina, wangenipiga vibao viwili, wangeniachia. Jina langu lilikuwa ngao, lako halikuwa. Kwa nini ulivuta swichi? Nimekasirika naye kwenye msikiti aliokuwa akisali na kwenye kanisa langu, nimekasirika naye nikinyoa ndevu. Na kila mara najibiwa na kitu kimoja: kanali alikuwa akigonga hedifoni, na mimi nilikuwa kimya, na yeye hakuwa na njia ya kujua kama kinywa changu kingefunguka. Siwezi kuapa kwamba maneno yale ndiyo yaliyomtoa Okidi. Lakini yule afisa alitoka baada ya Kiswahili. Wakati wa Kiingereza hakuna aliyejitikisa.

Wanajeshi wale walipita, wakaja wengine, wakapita. Nikawa mzee wa kibanda. Siku moja, kwenye mkutano wa walimu wa hesabu wa nchi za Afrika, akapanda jukwaani mzee mfupi mwenye miwani, akageuza sikio moja kuelekea ukumbini. Nilikuwa kwenye maikrofoni. Alisema kwa Kiingereza kwamba hapo zamani, katika mji huu, profesa mmoja Mholanzi aliokoa maisha yake kwa sauti yake, na kwamba anataka kumshukuru ingawa ameshafariki. Na mimi, kwa kuwa ndiyo kazi, nikasema kwa Kiswahili, "Mimi namshukuru profesa yule aliyeniokoa kwa sauti yake." Mwenzangu kibandani alidhani nina mafua.

Nilimngoja mlangoni. Nilipomaliza kumweleza alikuwa amekaa kwenye ngazi, mzee wa watu na suti yake, watu wanampita. Hakuwa amejua. Nani angemwambia? Mkalimani akifanya kazi yake sawasawa, wasikilizaji husahau kwamba kulikuwa na mtu. Aliuliza jambo moja tu, kama Bi Sakina ameacha mtu yeyote.

Maimuna alikuwa bado Makindye, nyumba ile ile, cherehani mpya. Alitukaribisha. Nilimtambulisha mgeni, naye akamtazama muda mrefu bila kumpa mkono.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Alileta chai. Daktari Okidi alianza kusema maneno ya shukrani. Maimuna akamkatiza.

"Ile kazi uliyotaka kusoma siku ile. Ulikuja kuisoma wapi?"

Okidi, ambaye Kiswahili cha kusema kilikuwa kimempotea ugenini, akaniambia kwa Kiingereza kwamba hakuisoma popote. Zambia alifundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu. Nyota hakuzirudia tena. Nikamfasiria Maimuna.

"Basi aisome hapa."

"Hana karatasi," nikasema.

"Aseme anayokumbuka. Kiingereza nakisikia, lakini sitaki hicho. Wewe fasiri, kama mama yangu angefanya." Akavuta kiti, akakaa mbele yetu, mikono magotini.

Mzee akavua miwani, akaivaa tena. Akaanza, kwa kusitasita, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Nami nikaingia nyuma yake, nusu sentensi nyuma, kama nilivyofundishwa. Nikasema: mimi nimepima mwendo wa nyota zilizo katikati ya galaksi. Nikasema mvutano, nikasema shimo jeusi kuu, nikasema ukingo usio na kurudi. Maneno yote niliyakuta yakinisubiri. Hakuna aliyekuja kunipokea zamu, na sikutaka.

Alipomaliza, chai ilikuwa imepoa. Maimuna alisogeza kikombe chake kando, macho kwa Okidi.

"Sijaelewa," alisema. "Mwambie arudie. Mama yangu amekufa kwa ajili ya jambo hili, nitalielewa."

Nikamwambia. Daktari akaanza tena tangu mwanzo, nami nikaanza tena nyuma yake.